Nyungwe: Tulilala kwenye hema, safari hii kwa hiari

UKITAMKA neno hema mtaani Nyakabanda, wengi hawafikirii matembezi. Wanafikiria shitingi ya bluu, foleni ya unga na mtoto anayekohoa usiku kucha. Katika mtaa huu wa Kigali wanaishi watu waliorudi kutoka Kongo, Burundi, Uganda na Tanzania kwa nyakati tofauti. Wapo wa 1994, wapo wa 1996, na wapo waliotoka Kagera mwaka 2013. Kiswahili kilikuwa kinasikika kwenye vibanda vyetu vya chai miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Kwa hiyo kikundi chetu cha kuweka akiba kilipozungumzia kwenda kupiga kambi katika msitu wa Nyungwe, maneno yalikuwa mengi.

"Yaani tulipe pesa tukalale porini?" aliuliza mama mmoja anayeuza vitenge kutoka Bukavu. "Mie nimeshalala porini bure, inatosha."

Hakwenda, na hakuna aliyemlaumu. Tulikwenda watano.

Msitu tunaoupita tukiwa tumelala

Wanaofanya biashara ya mpakani wanaijua barabara ya Nyungwe kwa kona zake. Basi hutoka Nyabugogo, likapita Huye na Nyamagabe, na baada ya Kitabi miti hufunga pande zote mbili. Hapo ni kona juu ya kona, kilomita zipatazo 50, mpaka mashamba ya chai ya Gisakura yanapotokea na abiria kujua kwamba Rusizi, ambayo wengi bado tunaiita Cyangugu, haiko mbali tena. Abiria wengi husinzia sehemu hiyo. Wasiosinzia huangalia ukungu na kumwombea dereva.

Msitu huo una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ulianza kuhifadhiwa mwaka 1933, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake wamo sokwe, mbega na jamaa zao, jumla aina 13.

Sisi tuliteremka Uwinka, mahali palipo zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Pale zipo ofisi za hifadhi na daraja la kamba lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo wageni hulipita wakiwa juu ya vilele vya miti. Hatukukaa hapo. Tuliingia ndani kwa miguu tukiwa na mwongozaji, saa kadhaa za kupanda na kushuka, hadi kwenye kambi isiyo na umeme, bomba wala duka. Palikuwa na ardhi iliyosawazishwa, choo cha shimo na mahali pa kuwashia moto, basi.

Mwenzetu mmoja, mbadilisha fedha wa mpakani, alizunguka kambi nzima ameinua simu juu akitafuta mtandao. Hakuupata. "Leo dola ipande, ishuke, mimi sijui," alisema, kisha akaizima simu na kuitia mfukoni.

Aliyejua kulala msituni

Mvua ilikuwa imekaribia. Wakati sisi tunasoma maelezo ya hema, ndugu mmoja, muuza sambaza na viazi, alikuwa anatazama juu. Alisema tuhamie hatua 20 pembeni kwa sababu tawi lililokuwa juu yetu lilikuwa kavu, na matawi makavu huanguka usiku. Kisha akainama kutazama majani yaliyolala chini yameelekea upande gani, akatuonyesha mahali maji yatakapopita. Mwongozaji alitikisa kichwa kukubali.

Mvua ilipopiga, maji yalipita palepale alipoonyesha. Hema zetu zilibaki kavu.

Tulimuuliza alisomea wapi. "Sikusoma," alijibu. "Mama yangu alinifundisha mwaka 1996, kambi za Zaire zilipovunjika. Nilikuwa na miaka kumi."

Usiku kitu kikapiga kelele mitini, sauti ya kukwaruza iliyopanda mpaka ikawa kama mtu anayenyongwa. Dada aliyetoka Kagera alinishika mkono. Yule ndugu alicheka kidogo, akasema ni perere, mnyama mdogo asiyemzidi sungura kwa ukubwa. Mwongozaji alithibitisha.

Tulikaa motoni mpaka saa tano, blanketi mabegani, maana baridi ya kule si ya Kigali. Ndugu yetu aliongeza kuni, akautazama moto kwa muda mrefu. "Kule hatukuwa tunawasha," alisema. "Moto unaita watu." Hakuna aliyemuuliza zaidi. Baadaye akaniambia kwamba tangu wakati ule alikuwa hajawahi kulala msituni, na alitaka kujua kama msitu ndio uliokuwa mbaya, au ni mambo yaliyowakuta ndani yake.

Maji ya bombani kwetu

Asubuhi mwongozaji alitupandisha kwenye mgongo wa mlima unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa magharibi huteremka kuelekea mto Rusizi, ikaingia ziwa Tanganyika na mwishowe mto Kongo. Ikinyesha mashariki huingia mito kama Rukarara. Rukarara huungana na Mwogo, na Mwogo ukikutana na Mbirurume ndipo unapozaliwa mto Nyabarongo, ambao safari yake huishia katika Nile. Mwaka 2006 wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand walitangaza kwamba chanzo cha mbali kabisa cha Nile kiko huku, kwenye Rukarara.

Nyabarongo huo ndio unaopita Nzove, chini ya vilima vya magharibi ya Kigali, na mtambo wa maji wa pale unaulisha mji. Kwa maneno mengine, mama wa Nyakabanda anayefungua bomba asubuhi anachota mvua iliyohifadhiwa Nyungwe.

Ndiyo maana hasara za msitu huu zinatuhusu. Nyati walimalizwa na wawindaji miaka ya 1970, na ndovu wa mwisho alikufa mwaka 1999. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya miti, na hadi leo ziko sehemu ambako magugu ya jamii ya kangaga yamezuia miche isirudi.

Kwa anayetaka kwenda

Tangu mwaka 2020 hifadhi inaendeshwa na African Parks kwa kushirikiana na serikali, na nafasi ya kambi huombwa mapema. Chukua kitambulisho, kwa sababu bei ya raia, ya wa Afrika Mashariki na ya mgeni hazilingani. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua kidogo. Usiingie bila mwongozaji na usikate kuni. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: imepigwa marufuku nchini tangu 2008, kama kila anayevuka mpaka anavyojua. Takataka zako rudi nazo.

La mwisho ni kwa waliorudi. Mwenye kumbukumbu nzito asivutwe mkono. Aanze na matembezi ya mchana, ajue saa ya kutoka na awe na nauli ya kurudi. Ndugu yetu wa sambaza alisema hilo ndilo lililomwezesha kufumba macho: alijua kwamba kesho yake saa nane kuna basi, na kwamba basi hilo linakwenda nyumbani.