Azimio Likishapita, Nani Analifuatilia?

Waziri wa Tanzania huingia ofisini bila Bunge kumuuliza swali hata moja. Ikulu hutangaza jina, mteule anaapa, anakabidhiwa wizara. Kati ya mawaziri wote, anayehitaji kura ya wabunge kabla ya kushika kazi ni Waziri Mkuu peke yake. Ibara ya 51 ya Katiba inamtaka Rais amteue ndani ya siku 14 tangu aingie madarakani, na mteule huyo hashiki madaraka mpaka wabunge walio wengi wamthibitishe. Kutoka nako ni vivyo hivyo. Ibara ya 53A inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, iwapo asilimia 20 ya wabunge wametia saini na Spika amepewa notisi ya siku 14. Waziri wa kawaida hana kura ya namna hiyo inayomgusa. Anakaa kwa ridhaa ya aliyemteua, na huondoka mamlaka ya uteuzi ikiamua aondoke.

Wakati huohuo Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi, na inamruhusu mbunge kumuuliza waziri swali lolote linalohusu mambo ya umma. Ndiyo kusema tuna chombo chenye haki ya kuuliza kila kitu na kisicho na nguvu ya kumwondoa karibu yeyote. Ajabu ni kwamba kati ya 2008 na 2015 mawaziri wasiopungua 15, akiwamo Waziri Mkuu mmoja, walipoteza nafasi zao baada ya mambo kuchemka Dodoma. Inafaa kuelewa walivyoondoka, na zaidi ya hapo, kilichofuata walipokwisha kuondoka.

Tuanze na silaha ambayo watazamaji wa Bunge la bajeti wanaijua sana, kushika shilingi. Wizara inapopitishiwa fedha zake katika Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika husimama kwenye fungu la mshahara wa waziri na kutangaza kwamba anashika shilingi mpaka apate maelezo. Waziri anajieleza, wenzake wanachangia, na karibu kila mara shilingi inarudishwa. Watu hucheka na kudhani ni mchezo. Sababu ya shilingi kurudi iko katika Ibara ya 90, ambayo inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayeizuia wizara anajua kwamba mwisho wa njia hiyo huenda ukawa kurudi jimboni kuomba kura. Kwa hiyo shilingi hutoa maelezo, na mara nyingine hutoa ahadi. Kumwajibisha mtu kunahitaji nyaraka, na nyaraka hukusanywa na kamati.

Sakata la Richmond linaonyesha hilo kuliko jingine lolote. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia gizani. Shirika la umeme la taifa, TANESCO, likasaini mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na Richmond, kampuni ya Texas iliyokuja kuonekana haina uwezo wa kazi hiyo, kisha mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya wabunge watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kamati ya aina hiyo ina meno kwa Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge: inaita mashahidi, inadai mafaili, inawaapisha watu. Tarehe 6 Februari 2008 ripoti ilisomwa. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni na kutangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, waliopita Wizara ya Nishati kwa nyakati tofauti, nao waliondoka. Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Lowassa alilalamika siku hiyo kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Lalamiko hilo ninalichukua kwa uzito hadi leo, na halihusu kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Kamati inayotaka matokeo yake yadumu lazima imsikilize mtu kabla ya kumtaja, hata kama nyaraka zinatosha kumchoma. Isipofanya hivyo inamwachia hoja ya kuonewa, na hoja hiyo ataitembeza miaka yote. Lowassa aligombea urais mwaka 2015 kupitia CHADEMA, na suala la Richmond lilizungumzwa katika kampeni nzima kana kwamba halijawahi kuchunguzwa.

Bunge lilipitisha maazimio 23 juu ya Richmond. Serikali ikawa inarudi mkutano baada ya mkutano na taarifa za utekelezaji, wabunge wakawa wanazikataa na kudai nyingine, hadi Februari 2010 mjadala ulipofungwa. Novemba mwaka huohuo baraza la usuluhishi wa kimataifa likaiamuru TANESCO iilipe Dowans, na deni hilo likahesabiwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 90. Kujiuzulu kulichukua siku moja. Fedha na mikataba vilichukua miaka, na vilikwenda upande mwingine kabisa.

Mwaka 2012 wabunge walijaribu njia ya Ibara ya 53A. Baada ya mjadala mkali wa ripoti za ukaguzi, mbunge Zitto Kabwe alikusanya saini zaidi ya 70 za hoja dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Siku 14 za notisi hazikutosha katika mkutano uliokuwa unaelekea ukingoni, hoja haikupigiwa kura, lakini Mei mwaka huo Rais alipanga upya Baraza na mawaziri sita wakaachwa. Desemba 2013 wengine wanne waliondolewa baada ya kamati ya James Lembeli kueleza bungeni mateso na vifo vilivyotokea katika Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili.

Kisha ikaja Escrow. TANESCO na kampuni ya IPTL walikuwa na mgogoro wa muda mrefu juu ya malipo ya umeme wa mitambo ya Tegeta, na fedha zilizobishaniwa ziliwekwa katika akaunti maalumu ya Escrow Benki Kuu. Mwishoni mwa 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alilishikilia jambo hilo bungeni huku akibezwa, mpaka likapelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye sote tunamwita CAG, na kwa TAKUKURU. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ikiongozwa na Zitto Kabwe akisaidiwa na Deo Filikunjombe wa chama tawala, ilisoma taarifa yake Novemba 2014. Ninawataja wawili hao pamoja kwa makusudi. Mmoja alikuwa upinzani, mwingine CCM, na taarifa iliyobeba majina ya watu wa pande zote haikuweza kupuuzwa kama kelele za chama fulani.

Tarehe 29 Novemba maazimio manane yalipitishwa. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu katikati ya Desemba. Siku chache baadaye Rais, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, alitangaza kumwondoa waziri Profesa Anna Tibaijuka, na katika hotuba hiyohiyo akasema fedha za Escrow zilikuwa mali ya IPTL, si za umma, ingawa kulikuwa na kodi ndani yake. PAC ilikuwa imesoma ripoti ileile ya CAG na kufikia jibu jingine. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo alijiuzulu uwaziri wa Nishati na Madini. Desemba 2015, chini ya Rais mpya, alirudishwa katika wizara hiyohiyo. Wafanyabiashara wawili waliohusishwa na malipo hayo walifikishwa mahakamani Juni 2017, miaka miwili na nusu baada ya azimio.

Sisemi kwamba waziri aliyejiuzulu asirudi kamwe. Mtu anaweza kuwajibika kwa kosa la walio chini yake, akasafishwa, akarudi kwa haki. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna mahali Bunge lilipoambiwa rasmi, kwa maandishi, kwa nini Muhongo amerudi. Azimio lilimhusu, na wakati wa uteuzi mpya azimio hilo halikuwa na nafasi yoyote ya kuulizwa. Hapa ndipo uteuzi, uwazi na mwenendo wa mawaziri vinapokutana, na mfumo wetu hauna hatua ya kuviunganisha.

Tazama pia kalenda. CAG hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Katiba inataka iwasilishwe bungeni kabla ya siku saba kupita tangu kikao cha kwanza kinachofuata. Rais asipoiwasilisha, CAG anampelekea Spika mwenyewe. Kinga hiyo ni nzuri sana. Lakini ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22, ulioishia Juni 30, 2022, ilifika mezani Aprili 2023 na kujadiliwa kwa kina Novemba 2023. Ni miezi 16 tangu mwaka wenyewe ufungwe. Afisa Masuuli aliyesaini malipo anaweza kuwa amehamia wizara nyingine, au amestaafu, na mwenzake aliyemrithi anaketi mbele ya PAC akijibu hoja za ukaguzi zilizozaliwa kabla hajafika. Anajibu kwa adabu, anaahidi kufunga hoja, na mwaka unaofuata hoja ileile inarudi na namba mpya ya ukurasa.

Profesa Mussa Assad alilisema hilo kwa ukali. Katika mahojiano na Redio ya Umoja wa Mataifa, akiwa CAG, alisema kutochukuliwa hatua kwa yanayoibuliwa na ukaguzi ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Ninaliona azimio lile la 2019 kuwa kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja hapa. Kamati za hesabu hazina wakaguzi wao wenyewe. Macho yao ni CAG. Bunge lililokataa kufanya kazi naye lilijinyima chanzo cha maswali yake, na lilifanya hivyo kwa sababu ya neno lililowagusa wenye viti.

Wapo wanaosema dawa ni kuiga Kenya. Tangu Katiba ya 2010, waziri wa Kenya hawi mbunge, na hateuliwi mpaka Bunge la Taifa liidhinishe. Mteule anapigwa msasa hadharani: anataja mali zake, analeta vyeti vya mamlaka ya kodi na tume ya maadili, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka hati ya kiapo ya kumpinga. Ukifananisha na kwetu, ambako tamko la mali hupelekwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa Desemba na halitangazwi hadharani, tofauti ni kubwa, na natamani tungekuwa nayo. Ila hata msasa wa Kenya umekuwa ukiisha makali ndani ya ukumbi. Oktoba 2022 kamati ilimkataa mteule mmoja, Peninah Malonza, na Bunge zima likampitisha. Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana kumlazimisha Rais Ruto kulivunja Baraza lake, aliyekataliwa kati ya wateule 20 alikuwa Stella Soi Lang'at peke yake.

Kenya pia ina njia ya kumwondoa waziri mmoja mmoja. Mei 2024, kashfa ya mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima ilipolipuka, wabunge 149 waliunga mkono hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi. Katiba yao inataka kamati ya wajumbe 11 ichunguze ndani ya siku kumi. Wengi katika kamati hiyo wakaona tuhuma hazikuthibitika, na kwa mujibu wa Katiba shauri likaishia hapo. Miezi miwili baadaye Rais alimwondoa pamoja na karibu Baraza zima, kwa shinikizo lililotoka barabarani. Wakulima waliopanda kwa mbolea ile hawakupata jibu lao kutoka bungeni.

Kwa hiyo ninachodai kwa Bunge letu ni kidogo kuliko kuandika Katiba upya, na kinawezekana kwa Kanuni za Kudumu. Kila azimio linalotokana na ripoti ya CAG au ya kamati teule litaje ofisi inayotakiwa kulitekeleza, liweke tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iingie kwenye ratiba ya shughuli kama inavyoingia bajeti. Afisa Masuuli aliyehamishwa arudishwe kujibu hoja za kipindi chake. Na pale mtu aliyetajwa katika azimio anapoteuliwa tena, Serikali iwasilishe bungeni maelezo ya maandishi ndani ya siku 30. Uteuzi utabaki wa Rais, na Bunge litakuwa na karatasi ya kuijadili.

Msomaji naye asisubiri Kanuni zibadilishwe. Taarifa Rasmi za Majadiliano, Hansard, zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge. Ripoti za CAG zitakapojadiliwa tena, tafuta mjadala wa mwaka uliotangulia, chagua azimio moja linalogusa wilaya yako, liwe la dawa, barabara au mikopo ya halmashauri, kisha soma kama mtu yeyote amesimama kueleza limefikia wapi. Usipolikuta, mbunge wako ana haki ya kuliuliza kwa waziri yeyote, na kila Alhamisi wakati wa mkutano wa Bunge ana nafasi ya kumuuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Mpelekee likiwa limeandikwa, na namba ya azimio juu yake.