Upemba: punda milia wa mwisho wa Kongo wako jimboni mwetu

KAMINA – Wakaaji wengi wa Haut-Lomami wanajua Upemba kwa ajili ya samaki wake. Lakini mbuga hiyo ya taifa, iliyoundwa mwaka wa 1939, ina pia wanyama ambao Mkongomani hawezi kuwaona kwingine nchini.

Kutoka Kamina, reli inafika Bukama, kando ya mto Lualaba. Mbele ya hapo mto unapita katika mabwawa ya mafunjo na maziwa, likiwemo ziwa Upemba. Humo anaishi swala wa majimaji, Kobus anselli, ambaye wataalamu walimtambua kuwa wa aina yake mwaka wa 2005. Hayupo pengine popote duniani. Juu milimani, upande wa Kibara, kuna punda milia wa mwisho wa Kongo.

Uwindaji haramu na silaha za miaka ya vita zimewapunguza sana. Walinzi wa ICCN peke yao hawatoshi. Mvuvi na swala huyo wanategemea maji yale yale: mafunjo yakiisha, samaki nao wanakosa mahali pa kuzalia.

Anayetaka kutembelea mbuga aombe kwanza ruhusa kwa ICCN, na achague kiangazi. Mvua huharibu barabara.