Waya wa Chaji: Soma Maandishi Yake Kabla ya Kununua

Leo tunazungumza habari za waya wa kuchajia simu. Pengine utasema, ati hii nayo ni habari? Ni habari.

Masika iliyopita nyumbani kwetu alikuwapo mama mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Jioni tulichomeka simu tukalala. Usiku wa manane uchungu ukamshika. Tukakimbilia simu tumwite kijana wa bodaboda. Simu imezimika! Umeme upo, waya umechomekwa, lakini chaji haikuingia. Nyote mnajua matope ya huku kwetu Bondeni wakati wa mvua. Tulimshika mikono, tukatembea naye polepole mpaka barabara kubwa, na kwa bahati tukapata gari. Mtoto alizaliwa salama.

Asubuhi tulimpelekea fundi ile simu tukamwambia betri imekufa. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alichomeka waya wake mwenyewe, simu ikawaka. Kumbe kilichokufa ni waya wetu, tena ulikuwa na wiki tatu tu tangu kununuliwa. Ulikuwa mnene, unang'aa, umefumwa nje kama mkeka.

Tuliupasua kwa kisu. Ndani tulikuta nyuzi nne: nyekundu, nyeusi, nyeupe na ya kijani. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazopitisha umeme. Nyeupe na kijani zinapitisha habari, kwa mfano picha zinapohamishwa kutoka simu kwenda kompyuta. Sasa angalia udanganyifu: ganda lilikuwa nene, lakini shaba ya ndani ilikuwa vijinywele vichache tu.

Hebu fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Mpira mwembamba unatoa maji kidogo, na ukiwa mrefu unatoa kidogo zaidi. Umeme nao una tabia hiyo. Unene wa nyuzi za shaba unapimwa kwa namba, na namba hizo zinakwenda kinyume: namba ndogo ndiyo uzi mnene. Namba 20 ni nene kuliko namba 28. Kwenye baadhi ya waya namba hiyo imeandikwa kwenye ganda, pamoja na herufi AWG.

Tupige hesabu kidogo. Chaja ya kawaida inatoa volti 5. Waya wa mita 1 wenye nyuzi za namba 28, ukipitisha ampea 2, unapoteza karibu volti 0.85 njiani. Simu inapata kama volti 4.15 tu. Ikiona umeme umepungua hivyo, inapunguza kasi ya kuchaji. Waya wa namba 20, kwa urefu ule ule, unapoteza kama volti 0.13 tu. Na ule wa namba 28 ukiwa wa mita 2, hasara ni mara mbili. Umeme unaopotea njiani unageuka joto. Ndiyo sababu waya mbovu unakuwa wa moto mkononi. Usiuache chini ya mto, juu ya godoro au karibu na chandarua.

Basi, ukifika dukani, iwe Kyela mjini, Ipinda au Kasumulu mpakani, usianze na rangi. Soma. Tafuta ampea, yaani herufi A, au wati, yaani herufi W. Waya wenye kichwa cha Type-C pande zote mbili unatakiwa kubeba angalau ampea 3. Ule wa ampea 5 una kidude kidogo ndani kinachoiambia chaja kwamba waya unaweza kubeba mzigo huo. Lakini karatasi inaweza kudanganya. Kwa hiyo shika shingo ya waya, pale unapoingia kwenye kichwa, maana hapo ndipo nyaya nyingi hukatikia. Shingo iwe na mpira mrefu unaopinda taratibu. Kisha mwombe muuzaji akuchomekee simu yako pale pale. Tikisa shingo kidogo. Chaji ikikatika na kurudi, mrudishie waya wake, wala usione haya.

Wengine wanauliza, mbona nimenunua waya mzuri na simu bado inachaji polepole? Kuchaji haraka ni kama mafiga matatu: chaja, waya na simu. Moja likikosekana, chungu hakikai. Soma chaja yako pale ilipoandikwa OUTPUT. Ikiwa 5V na 2A, zidisha: 5 mara 2 ni wati 10. Waya wa wati 60 hauwezi kuigeuza chaja hiyo. Tena baadhi ya kampuni, kama Oppo na Huawei, zina chaja za haraka zinazotaka waya wao wenyewe. Na wewe unayechajia kwenye sola ndogo ya nyumbani, usilipie waya wa bei kubwa kwa ajili ya haraka. Haraka hiyo hutaipata. Lipia uimara.

Ukitaka kujua waya upi ni bora kati ya miwili uliyo nayo, chukua simu moja na chaja moja. Anza chaji ikiwa asilimia 20. Chaji dakika 20, andika imefika wapi. Siku nyingine rudia kwa waya wa pili, ukianzia pale pale 20. Daftari lako litakupa jibu, huna haja ya kumuuliza mtu.

Jambo jingine ni unyevu. Wavuvi wa Matema wanajua jinsi simu inavyorudi kutoka ziwani imelowa. Tundu likiwa na maji usichomeke waya. Gonga simu taratibu, tundu likitazama chini, kisha uiache penye upepo mpaka ikauke. Kuna watu wanaifukia kwenye mchele, na sisi wa Kyela mchele tunao! Lakini mwaka 2024 kampuni ya Apple ya Marekani ilishauri watu wasifanye hivyo, maana chembe za mchele zinaweza kuidhuru simu. Mchele wetu tuupike.

Sisi tulinunua waya wa mita 1, umeandikwa 3A, mweusi, hauna urembo wowote. Hatuuvuti kwa kamba yake. Tunashika kichwa. Hatuukunji kwa nguvu, tunauzungusha mduara mpana. Yule mtoto sasa anatambaa, na kila akiuona anataka kuutafuna. Kwa hiyo simu ikijaa tunauchomoa ukutani, tunautundika kwenye msumari juu ya mlango.