Pochi Hubaki kwa Mwenyewe

Wengi hudhani kwamba programu ya wavuti iliyogatuliwa ikiunganishwa na pochi ya sarafu za kidijitali, tovuti huzishika pesa. Haizishiki. Ufunguo wa siri hubaki ndani ya pochi, na tovuti huleta maombi tu, mwenye pochi akayatia saini au akayakataa. Ndiyo maana tovuti yoyote inayokutaka uandike yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi ni ya wezi. Ifunge papo hapo.

Kwenye mtandao wa Ethereum, tovuti na pochi huzungumza kwa kanuni iitwayo EIP-1193. Ombi la kwanza, eth_requestAccounts, ni la kuona anwani ya mtumiaji. Mtengenezaji mwenye adabu hulituma mtu anapobonyeza kitufe, si ukurasa unapofunguka. Kisha programu hukagua namba ya mnyororo wa bloku (blockchain): 1 ni mtandao mkuu, 11155111 ni Sepolia, wa majaribio. Viwango vya pesa navyo vina mtego wake. Sarafu ya Ethereum, etha, huhesabiwa kwa sehemu yake ndogo kabisa, wei: etha moja ni wei 1,000,000,000,000,000,000, na namba za kawaida za JavaScript hupoteza usahihi zikifikia tarakimu 16 hivi. Hapo ni lazima kutumia BigInt, aina ya namba nzima kubwa.

Kuijua anwani si kuthibitisha kwamba ni yako, kwa kuwa anwani yoyote huonekana na watu wote kwenye mnyororo. Kwa hiyo anayeingia hutakiwa kutia saini ujumbe wenye jina la tovuti na namba ya kutumika mara moja, kwa mujibu wa EIP-4361, na seva huikagua saini hiyo.

Hatari kubwa imo katika vibali. Ili mkataba erevu, yaani programu iliyowekwa kwenye mnyororo, uchukue tokeni zako, lazima kwanza uuruhusu, na programu nyingi zimezoea kuomba ruhusa isiyo na kikomo ili mtumiaji asisumbuliwe tena. Mazoea haya ni mabaya. Mwishoni mwa mwaka 2021, wezi walipenyeza msimbo wao kwenye tovuti ya BadgerDAO, mradi wa fedha zilizogatuliwa. Mikataba yenyewe haikuvunjwa. Watu waliletewa ombi la kibali katika tovuti waliyoiamini, wakatia saini, na mali ya takriban dola milioni 120 ikaondoka. Pochi zilifanya kazi yake sawasawa, na saini zilikuwa halali.

Nawaomba vijana wetu wanaojenga programu hizi: ombeni kibali cha kiasi kinachohitajika kwa muamala ule tu. Juu ya kitufe andikeni, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni tokeni gani zitachukuliwa, ngapi, na mkataba upi utakaozichukua, kabla dirisha la pochi halijafunguka. Na wekeni mahali pa wazi pa kufutia vibali vya zamani, maana mtumiaji akifunga tovuti, kibali alichotoa hakifutiki.