Maili 50 Kwenda Kuomba Radhi

Katika habari zote zinazosimuliwa juu ya marehemu Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyehubiri mbele ya halaiki za watu katika mabara mengi, na ambaye mwaka 1960, Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki, ndiye aliyekuwa mkalimani wake wa Kiswahili, iliyoniganda moyoni nisiweze kuibandua ni habari ya baiskeli.

Mwaka 1941 Kivengere alikuwa kijana mwalimu huko Rukungiri, aliyekwisha kumpa Mungu kisogo. Jumapili moja, akirudi nyumbani hali kichwa kizito kwa pombe, alimwona rafiki yake, mwalimu mwenzake, akija mbio juu ya baiskeli. Rafiki akasimama, akamwambia kwamba tangu muda mfupi uliopita Yesu amekuwa kwake yu hai, kisha akamwomba radhi kwa makosa aliyomtendea, akiyataja moja baada ya moja. Usiku uo huo yule mlevi alipiga magoti chumbani, akamlilia Mungu ambaye hakuwa na yakini kwamba yupo. Na kwa jinsi alivyosimulia aushi yake yote, alimwona Kristo msalabani, akafahamu kwamba hicho ndicho kipimo cha kupendwa kwake.

Lau habari ingeishia hapo, ingekuwa kama shuhuda nyingi za balokole, wale watu wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kagera na Kenya, walioungama dhambi hadharani na kurudisha walivyoviiba. Lakini alikuwako Mwingereza mmoja ambaye Kivengere alimchukia kwa chuki iliyokomaa, na sasa sauti ilimwambia moyoni kwamba mtu yule ni ndugu yake, naye hana budi aende akamwambie hivyo. Akapanda baiskeli, akaenda maili 50.

Msomaji aliyepita Kigezi anajua maana ya maili 50 katika nchi ile, ambako barabara haikomi kupanda ila ianze kuteremka, na ambako mwenye baiskeli aghalabu huisukuma akienda kwa miguu. Nafikiri ni vilima vingapi ambapo kijana yule, jasho likimtiririka, angeweza kusimama akakumbuka dharau za watawala, akageuza gurudumu na kurudi kwao, wala pasiwe na mtu wa kumlaumu. Hakugeuza. Alifika akitetemeka, akasema kwamba alimchukia na kwamba anaomba msamaha. Na wawili hao, mtawala na mtawaliwa, wakalengwalengwa na machozi.

Hapa ndipo moyo wangu unaposumbuka. Katika mwaka ule, nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza, kwa hisabu ya wanadamu ni nani aliyekuwa mdeni? Kivengere hakuingia katika hisabu hiyo. Kwake yeye chuki ilikuwa kifungo chake mwenyewe, na neema ilikuwa imemfungua. Hakwenda kutangaza kwamba Mwingereza hana hatia, alikwenda kwa sababu amekuwa huru. Namwamini, na hata hivyo nauliza: je, Mwingereza yule naye aliondoka siku yoyote kwenda mlangoni kwa mtu?

Neema hiyo haikumwacha apumzike hata nyumbani. Alipenda kusimulia jinsi alivyogombana na mkewe, Mera, kisha akashika njia kwenda kuhubiri, akasikia Bwana akimwambia aende tu, ila Yeye atabaki jikoni pamoja na mama yule. Akarudi kwanza kuomba radhi.

Kisha zikaja siku za utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Februari 1973, yeye akiwa askofu mpya, alizungumza na watu watatu waliofungwa minyororo katika uwanja wa Kabale dakika chache kabla hawajapigwa risasi mbele ya umati, akakuta nyuso zao zina utulivu uliomshangaza. Tarehe 16 Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Siku chache baadaye Kivengere na Mera wakavuka milima kwa miguu, usiku, mpaka Rwanda.

Alikiri kwamba huko ughaibuni uchungu ulimkaba, mpaka siku ya Ijumaa Kuu, kanisani London, aliposikia Yesu akiwaombea waliomsulubisha, akajiuliza kama Amin, lau angekuwa miongoni mwa askari wale, angetengwa na sala ile. Hapo akamsamehe, na mwaka uo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitamka kwamba anampenda.

Kivengere alifariki mwaka 1988. Amin alifia Saudi Arabia mwaka 2003, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Msamaha wa askofu ulikuwa wake kuutoa, naye aliutoa kwa machozi. Lakini mjane ambaye mumewe alichukuliwa usiku asirudishwe hata maiti, ni nani mwenye haki ya kumdai wa kwake?