Mwandishi Mgeni Akija Kisiwani: Haki ya Mtunzi na Nakala ya Kubaki Nyumbani

Lamu imezoea wageni wa kila aina, na miongoni mwao wamo wanaokuja na kalamu. Hawa hukaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, wakiandika riwaya, mashairi au makala. Utaratibu wa kumpokea mtu wa namna hiyo huitwa makazi ya waandishi. Mwandishi hupewa chumba, chakula na utulivu kwa muda maalumu ili amalize mswada wake. Mwenyeji anaweza kuwa taasisi, mwenye nyumba binafsi au waandalizi wa tamasha. Aghalabu mgeni naye hutarajiwa kutoa kitu, kama vile warsha kwa wanafunzi au kikao cha kusoma kazi yake mbele ya wenyeji.

Si vigumu kuona kwa nini wanavutiwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake bado ni vya punda na watembeao kwa miguu. Katikati ya miaka ya 2000, semina za Summer Literary Seminars zilikusanya waandishi Nairobi kisha zikawaleta Lamu. Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor alichapisha The Dragonfly Sea, riwaya inayoanzia kisiwani Pate.

Hata hivyo, mikutano ya watu wa maneno ni ya zamani hapa kuliko neno tamasha. Mashairi yameghaniwa madakani, arusini na misimu ya Maulidi kwa vizazi vingi, na mashindano ya utunzi yamekuwa sehemu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu. Pate ndiko alikotoka Mwengo bin Athumani, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Kwa hiyo mwandishi anayefika kisiwani hakuti uwanja mtupu. Anakuta wenye kazi yao, na hapo ndipo swali la haki linapoanza.

Mfano mmoja uko karibu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga mbao. Alikuwa pia mnakili hodari wa hati za Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea kuwapatia tendi za eneo hili. Dammann na mkewe walikaa Lamu katika miaka ya 1936 na 1937 wakikusanya mashairi, na kitabu chake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1940. Kazi hiyo iliokoa mengi ambayo mchwa na unyevu wangeyamaliza, na hilo lisisahaulike. Lakini nakala nyingi za mkono za Kijuma ziko London na Ujerumani. Mwanafunzi wa Siyu anayetaka kuigusa karatasi yenyewe lazima apande ndege.

Leo sheria inampa mkaazi nguvu ambayo watu wa enzi ya Kijuma hawakuwa nayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti, ingawa usajili husaidia mzozo ukizuka. Sharti lililopo ni kwamba kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa. Shairi lililo kichwani tu, hata likiwa zuri namna gani, halijapata ulinzi huo. Bibi anayetunga na kughani bila kuandika anashauriwa kumwita mjukuu mwenye simu airekodi kazi hiyo, aseme jina lake na tarehe, kabla ya kumghania mgeni.

Wengi hukosea hapa: aliyerekodi ana haki juu ya ile rekodi, lakini maneno hubaki ya mtunzi. Kukubali kurekodiwa si kukubali shairi lichapishwe au kuuzwa. Ni vyema makubaliano yawe ya maandishi, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, yakieleza kazi itatumika wapi, jina la nani litatajwa, na kama kuna malipo.

Kazi za kale zisizo na mtunzi mmoja anayejulikana ziko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iombwe idhini mapema, na inazipa kaunti jukumu la kuzisajili na kuzihifadhi taarifa zake. Msingi wake ni Kifungu cha 11 cha Katiba, kinachotaka jamii zifidiwe utamaduni wao unapotumiwa. Maktaba, makumbusho na shughuli za kitamaduni zimo pia katika majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Basi mkaazi ana haki ya kuuliza kama nakala ya kitabu au rekodi itarudishwa, na itawekwa wapi.

Familia zenye miswada ya zamani ziwe makini zaidi. Kumruhusu mgeni kupiga picha kurasa ni jambo moja. Kumwachia aondoke nayo "akaisome" ni jambo jingine. Picha zikipigwa, familia ibaki na seti yake.

Limebaki suala la maji, ambalo waandalizi wanaotoka bara husahau. Boti za kwenda Pate hupita mlango wa Mkanda, na maji yakitoka sana hazipiti. Kikao kikipangwa mjini Amu saa kumi jioni, mshairi wa Kizingitini au Faza huenda asipate njia ya kurudi siku hiyo. Anayetaka kweli kuwasikia watunzi wa Pate aangalie kwanza bamvua na maji mafu, kisha aweke malazi na nauli ya boti katika bajeti yake, au apeleke kikao chenyewe Siyu.