Nauli Isiwe Mnyororo

Zamani misafara ya watumwa na pembe ilitoka Ujiji ikaenda Bagamoyo kwa miguu. Siku hizi binti wa Kidahwe huondoka kwa basi, amevaa nguo mpya aliyonunuliwa na dalali. Ameahidiwa kazi ya nyumbani Dar es Salaam: kulea watoto, kuuguza mzee. Akifika huambiwa, "Nauli na nguo ni deni, fanya kazi kwanza." Miezi inapita, mshahara haonyeshwi, simu kanyang'anywa. Huo ni utumwa.

Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe. Na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi si kinga. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Basi mzazi, uliza kwanza: Nyumba ya nani? Mshahara kiasi gani? Nawe mama wa mjini uliyeletewa binti, mwulize mwenyewe kaahidiwa nini, mwandikie masharti ya kazi, mpe ujira mkononi, mwache azungumze na kwao. Pasipo mnunuzi, dalali atamwuzia nani?